Wakipatana, Chukua Kapu

Tarehe 30 Juni 2022, siku ambayo Wakongomani huadhimisha uhuru wao, JB Mpiana na Werrason walisimama tena kwenye jukwaa moja katika uwanja wa Stade des Martyrs mjini Kinshasa, kwa jina la Wenge Musica. Bendi hiyo ilikuwa imevunjika tangu mwaka 1997. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo angeweza kwenda kwenye onyesho akiwa na shahada ya kwanza mkononi na mwanawe mgongoni. Huo ni muda mrefu kwa watu wawili kukaa mbali, na ni muda mrefu zaidi kwa mashabiki wao kuendelea kununiana.

Mimi ni mpenzi wa muziki, lakini sitaki hapa kueleza kama onyesho lilinoga. Kinachonishughulisha ni swali la maadili. Bendi inapovunjika kwa ugomvi, ikakaa kando miaka mingi, kisha ikarudi na jina lilelile na mabango na tiketi, kitu gani hasa kimerudi? Na wale waliorudi wanawiwa nini na sisi, nasi tunawiwa nini nao? Wenzangu darasani waliposikia nataka kuandika juu ya jambo hili walicheka. Walisema hiyo ni habari ya magazeti ya udaku. Nadhani walikosea, kwa sababu maswali tunayoyaona mazito tunapozungumzia nchi na koo yamo yote ndani ya bendi, tena yakiwa madogo kiasi cha kuweza kuyashika na kuyageuzageuza.

Nianze na lile ambalo wanafalsafa hulipenda. Plutarch anasimulia habari za merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliihifadhi kwa kubadilisha mbao zake moja baada ya nyingine kila zilipooza, hadi watu wakaanza kubishana kama ni merikebu ileile au nyingine. Baadaye, katika karne ya 17, Thomas Hobbes aliongeza uchokozi: tuseme kuna mtu aliyeziokota mbao zote kuukuu zilizotupwa, akaziunganisha upya kwa mpangilio uleule. Sasa kuna merikebu mbili. Ipi ni ya Theseus?

Niliposoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nililiona ni mchezo wa watu wenye nafasi. Kisha nikakuta kwamba limetokea kweli, tena kwa wasichana watatu wa London. Sugababes ilianzishwa mwaka 1998 na Siobhán Donaghy, Mutya Buena na Keisha Buchanan. Donaghy aliondoka mwaka 2001, akaletwa mwingine. Buena akaondoka mwishoni mwa 2005, akaletwa mwingine. Mwaka 2009 Buchanan naye akatoka, akaletwa mwingine. Bendi iliendelea kuimba bila hata mmoja wa waanzilishi. Mwaka 2012 mbao tatu za kwanza zikakusanyika tena, lakini hazikuwa na haki ya kutumia jina, kwa hiyo zikalazimika kujiita kwa majina yao matatu tu: Mutya Keisha Siobhan. Ilikuwa mwaka 2019 ndipo waliporudishiwa jina walilolianzisha wakiwa watoto. Hobbes angefurahi, ingawa sidhani kama angecheza.

Kwa Wenge mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu hakukuwa na upande mpya na upande wa zamani. Bendi ilianzishwa Kinshasa mwaka 1981 na vijana wa shule, na wenge ni mti wa msituni wenye mbao nyeusi na ngumu sana. Mti huo ulipopasuka, JB Mpiana alibaki na jina la Wenge BCBG, na Werrason pamoja na Didier Masela na Adolphe Dominguez wakaunda Wenge Musica Maison Mère, yaani nyumba mama. Tazama uteuzi wa jina hilo. Hawakusema "sisi ni Wenge mpya". Walisema sisi ndio nyumba, ninyi wengine ndio mliotoka. Ni dai la kifalsafa lililoandikwa kwenye jalada la albamu. Na kila upande ulikuwa na mbao za kweli: huku sauti, kule mwanzilishi, huku nyimbo, kule wapigaji.

Jibu langu ni kwamba tunakosea tunapoichukulia bendi kama chombo cha mbao. Jina la bendi ni ahadi. Linamwambia msikilizaji: ukija, utapata kitu cha namna hii. Kwa hiyo swali la kama ni bendi ileile haliamuliwi kwa kuhesabu vichwa. Linaamuliwa kwa kuuliza kama wanaolibeba jina wanaweza kulitimiza, na kama wanakubali kulaumiwa wakishindwa. Mfano mzuri ni Bembeya Jazz ya Guinea. Mwimbaji wao mkuu, Aboubacar Demba Camara, alifariki mwaka 1973 kwa ajali ya gari mjini Dakar. Hapo pengo lilikuwa kubwa kuliko ubao wowote. Hata hivyo walipoendelea, na walipotoa albamu tena mwaka 2002 baada ya kimya kirefu, hakuna mtu mwenye akili aliyewaita matapeli, kwa maana gitaa la Sékou Diabaté lilikuwa bado linazungumza lugha iliyoahidiwa. Upande mwingine, inawezekana vichwa vyote vikarudi na ahadi isirudi. Watu wale wale, nyimbo zile zile, na huwasikii.

Swali la pili ni la fedha, na ndilo watu huliruka haraka zaidi kwa kusema, "Wamerudi kwa ajili ya pesa." Husemwa kana kwamba ni hukumu. Lakini mkulima naye huenda shambani kwa ajili ya mavuno, na mwalimu wangu wa isimu hafundishi bure. Wahenga wetu wenyewe walisema: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Kwa kawaida tunafundishwa kwamba methali hii inaonya watu wa nje wasijiingize katika ugomvi wa ndugu. Sawa. Lakini iangalie tena ukiwa umesimama mlangoni mwa uwanja. Methali haishangai kwamba kuna kapu. Inajua tangu mwanzo kwamba mapatano ya ndugu huzaa kitu, na kwamba jirani mwenye busara atakuwepo siku ya kuvuna. Mapromota wa muziki wameielewa methali hii kuliko sisi tunaoifanyia mtihani.

Bendi ya Uingereza ya Sex Pistols ilivunjika mwaka 1978. Waliporudiana mwaka 1996 waliliita ziara lao Filthy Lucre, maana yake pato chafu. Waliliandika kwenye bango! Sipendi sana muziki wao, kelele zake hunichosha, ila nadhani kimaadili walikuwa safi kuliko wengi. Aliyenunua tiketi alijua anachonunua. Doa haliko kwenye fedha. Liko pale mtu anapouza kitu asichokuwa nacho. Ukiniuzia nyimbo ukanipa nyimbo, tumemalizana. Ukiniuzia undugu, ukaweka bango lenye mikono iliyoshikana na neno "maridhiano", na nyuma ya jukwaa mnapitia milango tofauti, hapo umeniuzia mbuzi ndani ya gunia.

Lakini je, ni hivyo tu? Hapa ndipo ninapotatizika. Kwa sababu hakuna anayeweza kuingia moyoni mwa mwanamuziki akarudi na taarifa. Sijui JB Mpiana na Werrason wanahisi nini wakitazamana, na si haki yangu kujua. Tena Aristotle anatufundisha kwamba mtu hawi mwadilifu kwanza ndipo atende haki. Anatenda haki, mara kwa mara, ndipo anakuwa mwadilifu. Ikiwa ni hivyo, basi hata mapatano yanayoanza kama maigizo yanaweza kuwa mlango. Hasa katika muziki. Mtu aliyewahi kusikiliza sebene kwa makini anajua kwamba haiwezekani kuipiga kwa kiburi. Gitaa la solo linamsubiri mwenzake wa kati, besi inamtazama mpiga ngoma, na atalaku anarusha kilio chake pale tu anapoachiwa nafasi. Unaweza kumchukia mwenzako saa ya kula na bado ukalazimika kumsikiliza kwa dakika nane bila kumkatiza. Ndoa nyingi hazifikii hapo.

Dhidi ya matumaini hayo kuna P-Square. Peter na Paul Okoye wa Nigeria ni pacha, wametoka tumbo moja siku moja. Waliachana mwaka 2017, kila mmoja akashika jina lake, Mr P na Rudeboy. Novemba 2021 wakarudiana, mashabiki Afrika nzima tukashangilia, mwaka uliofuata nyimbo mpya zikatoka. Kufikia 2024 walikuwa wameachana tena hadharani. Kutenda pamoja hakukuwageuza. Wapo watakaosema basi ule muungano wa 2021 ulikuwa uongo. Mimi sisemi hivyo. Jaribio lililoshindwa si uongo. Aliyepanda mahindi na mvua ikakataa hakuwadanganya watoto wake alipowaambia anakwenda kulima.

Naweza kulisema hili kwa sababu nimeliona kwa karibu. Kwetu ni Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho tunachoamkia. Baba yangu na baba mkubwa hawakuwa wakisemeshana kwa miaka mingi kwa sababu ya kiwanja alichokiacha babu. Sitasema nani alikuwa na haki, kila mmoja ana karatasi zake. Dada yangu alipoolewa, shangazi alikwenda nyumba hii na nyumba ile, na siku ya harusi wazee hao wawili wakakaa mkeka mmoja, wakala sinia moja, wakaitikia dua pamoja. Wageni walilia kwa furaha. Wiki iliyofuata walikuwa wamerudi kwenye kimya chao. Nilimwendea shangazi nikiwa na hasira za kisomi, nikamwambia kwamba ile ilikuwa tamthilia.

"Nani kakwambia niliwaita wapendane?" aliniuliza. "Niliwaita wakae. Na walikaa au hawakukaa?"

"Walikaa, shangazi."

"Basi mtoto wa watu kaolewa na wazee wake wote wawili wapo. Hayo mengine ni ya Mungu, si ya kwako."

Nimelifikiria jibu hilo zaidi ya nilivyofikiria baadhi ya vitabu. Shangazi alitofautisha vitu viwili ambavyo mimi nilivichanganya. Kuna mapatano ya moyo, ambayo hayaamrishwi wala hayanunuliwi. Na kuna mapatano ya shughuli, ambayo yana thamani yake kamili hata kama la kwanza halijafika. Kosa huanza pale la pili linapotangazwa kuwa ndilo la kwanza. Yeye hakuwaambia wageni kwamba ugomvi umekwisha. Wageni walijiambia wenyewe, kwa kuwa walitamani iwe hivyo.

Hilo linanileta kwetu sisi tunaokaa chini ya jukwaa, na hapa sina huruma nyingi. Mara nyingi tunachodai si bendi irudi bali umri wetu urudi. Watu wa rika la baba yangu wakisikia jina la Wenge hawasikii wanaume waliopita miaka hamsini. Wanajisikia wenyewe, wembamba, wenye suruali pana, mwaka 1996. Kisha mwimbaji akishindwa kupanda sauti ya juu wanamkasirikia, kana kwamba amewaibia kitu. Huo ni udhalimu. Unamtumia mtu kama kioo na kumpiga kwa sababu kioo kimesema kweli.

Kuna kurudi kwingine ambako kunaweza kutufundisha adabu. Orchestra Baobab ya Senegal ilianza mwaka 1970 katika klabu ya Baobab mjini Dakar, ikichanganya midundo ya Kuba na nyimbo za kwao. Miaka ya 1980 mbalax ya kina Youssou N'Dour iliteka mji, na mwaka 1987 Baobab ikavunjika. Hapo hakukuwa na ugomvi mkubwa, wakati tu uliwapita. Mpiga gitaa wao, Barthélémy Attisso, alikuwa amesomea sheria, akarudi kwao Togo akawa wakili, gitaa akaliweka chini kwa miaka mingi. Mwaka 2001 walipoitwa tena ilimbidi aanze kujifunza upya vidole vyake mwenyewe. Na aliyesaidia kuitengeneza albamu yao ya 2002 alikuwa nani? Youssou N'Dour yuleyule. Mtu ambaye muziki wake uliwaondoa mjini ndiye aliyewafungulia mlango wa studio.

Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba hawakujifanya hawakuondoka. Jina la albamu, Specialist in All Styles, linajigamba kwa utani wa wazee. Muziki wao uliporudi ulikuwa na upole ambao sidhani kama vijana wa 1975 wangeuweza. Wakili akishika gitaa baada ya miaka mingi mahakamani, hachezi kama kijana ambaye hakuwahi kuliacha. Huyo amechagua mara mbili, na mara ya pili alijua bei. Kama msikilizaji, wajibu wangu ni kumruhusu awe aliyekuwa wakili. Nisimtake aifute miaka hiyo kwa ajili ya kumbukumbu zangu.

Wajibu huohuo una upande wa pili: kumruhusu mtu asirudi. Led Zeppelin iliacha kazi mwaka 1980 baada ya mpiga ngoma wake, John Bonham, kufariki. Tarehe 10 Desemba 2007 waliobaki walipiga usiku mmoja London, mtoto wa marehemu akiwa kwenye ngoma za baba yake. Dunia ilingoja ziara. Robert Plant hakutaka. Kuna watu ambao hadi leo wanamwona mchoyo, lakini mimi sioni deni alilowakopa. Aliyekupa kisima miaka kumi hawi mwizi kwa kukataa kukichimba tena. Katika jamii zetu, ambamo neno "patana" husemwa kwa sauti ya amri, nadhani ni vyema kukumbuka kwamba kuna watu waliokaa mbali kwa sababu nzuri, na kwamba kuwashinikiza warudi kwa ajili ya furaha ya wageni ni ukatili unaovaa nguo za sikukuu.

Nimebakisha jambo linaloniuma zaidi, nalo ni mashabiki. Wenge ilipovunjika, hawakuvunjika wanamuziki peke yao. Kambi zilifika hadi Bujumbura. Wakubwa zetu wanasimulia vinyozi waliokataa kupiga kaseti ya upande wa pili, marafiki waliotupiana viti kwenye baa, mabwana waliobishana hadi usiku nani ni nyota na nani ni kivuli. Baba alikuwa wa JB. Rafiki yake mmoja wa tangu utotoni alikuwa wa Werrason. Ugomvi wao ulianza kama mzaha, ukaingia maneno kuhusu mama wa mtu, ukaisha urafiki. Sasa wakubwa wamepatana uwanjani Kinshasa, wamepigiwa makofi, na bila shaka wamelipwa, nami siwaonei wivu. Lakini wale wawili wa Buyenzi hawakutumiwa tiketi wala barua. Hakuna bango linalowahusu.

Sisi Warundi tunalijua umbo hili. Nilizaliwa mwaka mmoja baada ya Mkataba wa Arusha kutiwa saini, Agosti 2000. Nimekua nikisikia wazee wakisema jinsi wakubwa wanavyoweza kushikana mikono mbele ya kamera huku jirani na jirani, ambao waligombana kwa niaba yao, wakiachwa watafute njia yao wenyewe gizani. Silinganishi bendi na vita. Vita vilizika watu, bendi imezika urafiki tu. Nasema umbo ni moja: ugomvi hushuka kutoka juu kwa kasi ya mvua, na mapatano yakifika huko juu hukaa hukohuko.

Kwa hiyo nikiulizwa bendi iliyorudiana inatuwia nini, sitaji ubora wa sauti, wala mapenzi ya kweli kati ya waimbaji, wala bei nafuu. Ninataja kitu kimoja kidogo. Kabla ya wimbo wa kwanza, mmoja wao ashike kipaza sauti aseme kwamba ugomvi ule ulikuwa wao, si wetu, na kwamba aliyempoteza rafiki kwa sababu yao aende akamtafute. Haingechukua dakika moja. Mpiga ngoma angeweza hata kuweka mdundo wa taratibu chini yake. Halafu wapige sebene, mapromota wajaze makapu yao, na baba yangu, kama miguu inamruhusu, avuke barabara tatu za Buyenzi hadi nyumba yenye mlango wa bluu. Rafiki yake bado anaishi pale.